Penalti Niliyoitangaza kwa Kunyamaza

Redio ya baba ilikuwa na sheria moja: betri ni za taarifa ya habari ya saa moja jioni, basi. Baba ni dereva wa lori la unga, na akikosa habari hununa kama aliyepigwa kalamu kazini. Alikuwa ameshaapa kwamba nikizimaliza, ngozi yangu itawambwa pamoja na za mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mechi, na redio yetu ndiyo pekee iliyokuwa hai katika ploti yetu ya mtaa wa Huruma. Chini ya roshani yetu, watu wawili walikuwa na damu yao uwanjani. Mchonga vinyago alikuwa mjomba wa golikipa wa timu moja. Mama samaki, aliyekaanga na kuuza samaki ng'ambo ya mtaro, alimzaa mshambuliaji wa timu ya pili. Mpira mmoja, presha mbili.

Kuwapigia kelele ilikuwa kazi bure. Kinu cha mahindi kilinguruma, na mhubiri mwenye spika alikuwa akimfukuza shetani tangu asubuhi. Shetani alikataa kuhama. Kodi ya Huruma ni nafuu.

Nikatunga mpango. Nawasha redio kidogo, nazima. Wao wanakisia matokeo kwa kuniinulia vidole: mkono wa kushoto magoli ya timu ya mchongaji, wa kulia ya mama samaki. Wakikosea, nagonga sufuria na kuwaonyesha. Wakipata, sifanyi kitu.

"Kimya maana yake uko sawa," niliwaeleza, kwa madaha ya mwalimu wa hesabu, somo ambalo naburuta mkia.

Mambo yalienda poa mpaka dakika za mwisho, magoli yakiwa moja kwa moja. Mshambuliaji akaangushwa. Nikagonga sufuria, nikaigiza penalti kwa mguu. Mtangazaji akasema, "Anakwenda kupiga..." na betri zikakata roho.

Nikazitoa, nikaziuma moja moja, dawa ya mtaa mzima ya kuzifufua. Wapi!

Chini, mchongaji aliinua kidole kimoja kila mkono: mpwa wake amedaka. Mama samaki aliinua kimoja kushoto, viwili kulia: mwanawe amefunga. Wote wawili macho kwangu, wakingoja sufuria. Nami nina betri mdomoni. Nikanyamaza.

Kigelegele! "Mwanangu huyo!"

"Mama, unashangilia nini? Kijana wetu amedaka!"

"Wewe baba chonga twiga zako! Si mtoto amenyamaza?"

"Ameninyamazia mimi!"

Walipanda ngazi wakifokeana, nami nikirudisha betri redioni, wakafika mlangoni pamoja na baba aliyekuwa akitoka kazini.

"Mzee, mwanao ndiye mwenye redio. Atwambie penalti iliingia au haikuingia!"

Baba aliwasha redio. Kimya. Mara ya kwanza siku hiyo kimya hakikumaanisha mtu yuko sawa. Akatoa betri, akazigeuza: alama za meno, na pengo katikati.

"Fungua mdomo." Pengo langu likanisaliti.

Wale wawili walirudi chini bila jibu. Lakini tangazo nililotoa dakika mbili baadaye, chini ya mkanda wa baba, liliwafikia wote, kinu kikinguruma na mhubiri akihubiri, na hakuna aliyeomba lirudiwe.