Ubao Msafi wa Chumba cha Dobi

Msimamizi wa chumba cha dobi cha hospitali aliamini kwamba binadamu, kama shuka, hanyooki bila moto. Wafanyakazi walimwita Bwana Ubao, ila akiwa mbali tu, kwa sababu ya ubao mweusi alioutundika mlangoni. Aliyeunguza shuka aliandikwa jina pale kwa herufi kubwa, kisha wiki nzima akafua kwa mikono mashuka ya chumba cha upasuaji.

"Mimi baba alinichapa mkanda mpaka akachoka yeye," alipenda kusema. "Nimeharibika wapi?"

Wafanyakazi waliendelea kupiga pasi. Watu walikuwa na watoto wa kulisha.

Mwezi wa kwanza yaliandikwa majina saba. Wa pili, mawili. Wa tatu ubao ukabaki mtupu, na mkurugenzi akashuka mwenyewe kuutazama, akampa msimamizi cheti chenye mhuri. Bwana Ubao akakitundika sebuleni kwake, juu kidogo ya televisheni, taarifa ya habari nayo ijue mipaka yake.

"Kwa hiyo siku hizi hawaunguzi kabisa?" mkewe aliuliza.

"Hawathubutu."

"Sijauliza kama wanathubutu."

Mafanikio hayo yalikuwa na kasoro moja tu: mashuka yalikuwa yakiyeyuka. Wodini wagonjwa walilala juu ya magodoro matupu ya plastiki, wakinata kama stempu. Bwana Ubao akakata shauri kuwa ni wizi, akaamuru mikoba yote ipekuliwe langoni. Wiki mbili za upekuzi zikamnasia miavuli mitatu na seti moja ya meno ya bandia, ambayo mwenyewe alikuja kuyadai kwa taabu.

Jumatatu moja asubuhi, dari juu ya rafu za sabuni likalia, likapasuka, na mashuka yakamwagika sakafuni. Kila moja lilikuwa na doa la kahawia. Yalikuwa sitini na manne.

"Nani?" aliuliza Bwana Ubao.

Watu saba wakaanza kuvichunguza viatu vyao. Mwishowe akasema Mama Pacha, mpiga pasi wa siku nyingi pale.

"Ni sisi sote, bosi. Mashine ya pasi ni mbovu tangu mwaka uanze. Ukiiweka moto mdogo, inapanda yenyewe."

"Na hamkuniambia?"

"Ungeniuliza nimejuaje."

Bwana Ubao akainama, akaanza kuyahesabu upya mashuka.

Jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, aliijaribu mashine mwenyewe. Aliweka moto mdogo, akatandaza shuka, akasubiri. Harufu ikapanda kabla ya moshi. Kilichomshtua si doa. Ni mikono yake: alipozinduka, ilikuwa imeshalikunja shuka, upande ulioungua ndani, na inalisukuma chini ya koti, huku macho yakiwa mlangoni. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, katika chumba ambacho mwenye chaki alikuwa yeye peke yake. Ilikuwa mikono ileile ya enzi zile, aliposikia bizimu ya mkanda wa baba. Akakumbuka alivyovunja kioo cha taa, akakifukia bustanini, akamsingizia paka. Paka alifukuzwa. Mkanda ulikuwa umemfundisha kitu kweli: kuchimba.

Usiku alilala akiliwaza shuka lile. Kesho yake aliung'oa ubao, akamwita fundi, aliyeondoka bila kuuona ubovu, akatangaza kuwa atakayeunguza alete shuka, hataulizwa neno. Wafanyakazi wakaitikia vizuri sana, na kwa siku kumi hakuna aliyeleta hata leso. Siku ya kumi na moja Mama Pacha akaja na shuka moja, akasimama karibu na mlango, tayari kwa lolote.

"Asante," alisema Bwana Ubao. Neno lilitoka na kikwaruzo, maana halikuwa limetumika muda mrefu.

Wiki ile yakaletwa kumi na moja. Fundi akarudi, na kwa kuyatazama madoa mapya akagundua kuwa ni vali moja tu ya mvuke iliyokufa, akaibadilisha.

Mwisho wa mwezi alipeleka ripoti yake, ikashuka barua ya mkurugenzi: mwezi uliopita mashuka yaliyoungua ni sifuri, mwezi huu kumi na moja, jieleze. Bwana Ubao akapanda ngazi.

"Kwa hiyo nisiyaandike?" aliuliza.

"Sijasema usiandike," alijibu mkurugenzi kwa upole. "Nimesema yasiwepo."

Akaandika maelezo yake, yote: sitini na manne ya darini, kumi na moja ya wiki ile, na lile moja la kwake. Akapewa onyo kali. Akalitia saini.

Mwezi uliofuata yaliungua mawili. Aliandika mawili, akaipeleka karatasi juu mwenyewe.