Machicha Yaliyookoa Malungu

Siku ile mjinga alikuwa Modesti, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukwambia. "Ukiandika habari za mawe haya," anasema huku akifunga vifungo vya koti, "usiisahau pombe."

Ni alfajiri, ukungu bado umelala juu ya Ufipa. Modesti anazunguka mawe yake akiwa na rungu, koti kuukuu na njaa. Ndiye mlinzi wa Malungu, mawe ya chokaa ambayo serikali imeyawekea hifadhi. Jina walilitoa wenyeji, kwa sababu kwa mbali unadhani ni malungu ya kweli, yale matanuri marefu ya udongo ambayo wazee waliyeyushia chuma.

Ukisogea karibu, maneno yanakuishia. Mvua, isiyo na nyundo wala patasi, imeyachonga mpaka yamekuwa nguzo, madirisha na meno membamba yanayoimba upepo ukipita. Juu ya nguzo kubwa pana shimo jeusi. Tega sikio hapo, utasikia maji yakitembea chini sana, kama watu wazima wanaonong'ona chumba cha pili.

"Kila asubuhi navua kofia," anasema Modesti. "Simjui ninayemwamkia, lakini shikamoo inatoka yenyewe."

Kwao ni Ilemba, bondeni kwenye joto. Alipanda huku kumfuata mkewe, Silvana, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, ambako baridi inauma mpaka mifupa. Mshahara wake huja na lori, na lori huja likipenda.

Ujinga wenyewe aliufanya alipokuwa bado mgeni kazini. Alikuwa amekaa juu ya nguzo ile kubwa, kando ya shimo, na chungu cha pombe ya ulezi, mara akaona Land Rover ya mkubwa wake, Bwana Anyosisye, mtu wa Mbeya asiye na mchezo na kazi. Aifiche wapi? Akaimimina yote shimoni, na machicha yake.

"Nilijua shimo lile halina mwisho," anasema.

Kumbe linao. Jioni, kwenye chemchemi ya kijiji kule chini, mama mkwe wake, Bibi Kristiana, aliinua ndoo imejaa machicha. Akanusa, akatazama juu kwenye mawe, wala hakuuliza mtu.

Habari zilipomfikia, Modesti akaenda kuomba radhi, akachuchumaa mlangoni kwa mkwewe, akipiga makofi taratibu kama Wafipa wanavyowaheshimu wakwe.

"Mkwe," sauti ikatoka ndani, "umenikaribisha pombe vizuri. Siku nyingine leta na kata ya kunywea."

Sasa anapanga kuwaleta watoto wa shule, kila mmoja atege sikio pale shimoni. Mpango huo nusura ufe juzi. Kijiji kimeingia mashindano ya usafi, wageni wanakuja kutoka wilayani, na nyumba za udongo zinataka kupakwa chokaa. Mwenyekiti wa kijiji, Alois, alipanda na watu na nyundo ili wayavunje Malungu, wayachome wapate chokaa.

Modesti alisimama mbele ya nguzo kubwa. "Ni hifadhi, Mwenyekiti."

"Hifadhi ya nini, ndugu yangu? Jiwe limekaa tu. Halilimi, mkutanoni halionekani."

"Linatunywesha. Ukiliangusha, njia ya maji inaziba."

"Njia hiyo umeiona kwa macho?"

Modesti akajikuna shingo. "Niliipitishia pombe."

Watu wakacheka mpaka nyundo zikawekwa chini. Alois hakucheka.

"Kisa cha mlevi si ushahidi," alisema. "Wageni lazima wakute kijiji cheupe. Shikeni nyundo."

Bibi Kristiana, aliyekuwa akitoka chemchemini, akapenya katikati ya watu na ndoo yake kichwani.

"Machicha niliyachota mimi, na sikuwa nimelewa," alisema. "Vunja, Mwenyekiti. Wageni wakishikwa na kiu, wape hiyo chokaa wanywe."