Kengele Yangu Ilikuwa Nzima

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa bisibisi, testa na kengele ya mlangoni iliyokufa. Ilikuwa kwenye karakana ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya Korogwe, muda mfupi baada ya Uhuru. Fundi Mkuu, mzee mfupi aliyesema kwa sauti ya chini hata mashine zikiwa zinaunguruma, aliiweka mezani mbele yangu akaniambia, "Fungua, uniambie imekufa na nini." Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, kichwa kimejaa mota na jenereta, nikaona nimedharauliwa. Sikujua kwamba kitu kile kidogo kingenisumbua kuliko mota zote nilizozishika mpaka nikastaafu.

Kwa ninyi vijana ambao kengele zenu zinaimba nyimbo, nieleze ya zamani ilivyokuwa. Ndani yake mlikuwa na koili, yaani waya mwembamba uliozungushiwa chuma. Mtu akibonyeza swichi iliyoko nje, umeme unapita kwenye koili, chuma kinageuka sumaku na kuvuta nyundo, nyundo inagonga kibakuli cha chuma. Nyundo ikivutwa inaukata umeme yenyewe, inarudi, inaunganisha, inavutwa tena. Ndiyo ile trrrr mliyowahi kuisikia shuleni. Penye umeme wa nyumba tuliweka transfoma ya kuupunguza, na pasipo umeme tulitumia betri kavu. Magonjwa yake ni machache: betri imekwisha, waya umekatika, swichi imeshika kutu, au sisimizi wamehamia ndani. Ile ya siku ya kwanza ilikuwa na nyigu. Alikuwa amejenga udongo wake katikati ya nyundo na kibakuli, ikawa nyundo inagonga nyumba ya nyigu.

"Umeona?" Fundi Mkuu akasema. "Ugonjwa wa kengele uko ndani ya kengele. Tafuta, utauona."

Nilimwamini kwa miaka mingi. Mungu amrehemu, hapo alinipoteza.

Wakati huo kengele zilikuwa kwenye nyumba za wakubwa tu. Meneja wa Kizungu alikuwa na yake, wakiibonyeza Wazungu wenzake, na sisi tulipita mlango wa nyuma. Mashamba yalipotaifishwa akaja Meneja mwenzetu, mzaliwa wa Kwaluguru, akahamia nyumba ile ile. Haukupita muda akaniita. "Kengele hii mbovu. Tangu nihamie haijalia hata siku moja." Nikabonyeza, ikalia mpaka mpishi akatoka jikoni. Nikarudi karakana. Akaniita tena, kengele ni mbovu. Nikabonyeza, ikalia. Mara ya tatu nilikuta shangazi yake amesimama barazani, swichi iko usawa wa pua yake, anapaza sauti, "Hodi! Hodi wenyewe!" Meneja akatoka kumpokea, kisha akanigeukia. "Unaona? Haijalia."

Nilitaka kumwambia kengele hailii kwa kutazamwa, lakini alikuwa meneja na mimi nilikuwa na watoto. Mwishowe alichoka mwenyewe. "Ing'oe," akasema. "Weka ndoano hapo nitundike kofia." Niliing'oa. Meneja alikuwa na masikio mazuri, hivyo hakupungukiwa na kitu.

Nilipohamia karakana ya wilaya kule Handeni nilidhani nimeachana na kengele. Mkubwa wetu, tuliyemwita Bwana Karakana, hakupenda chombo chochote kisicho na magurudumu. Kazi zangu zilikuwa jenereta na taa za magari. Ndipo siku moja akaingia mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi yenye vumbi la safari, akaomba kuonana na fundi wa umeme.

Alikuwa mkunga wa zahanati ya kijiji kimoja kipya upande wa Misima, katika vijiji vilivyoanzishwa watu walipohamishwa kutoka mashambani mwao. Watu wote walimwita Mama Nesi, ingawa alikuwa amenizidi miaka michache tu. Alinitazama midomo nilipomwamkia, nami nikaelewa. Homa kali na dawa ya kwinini vilikuwa vimemchukua masikio. Ukikaa naye karibu na kusema kwa nguvu anasikia. Ukiwa nje ya mlango, hakusikii.

"Zahanati ikishafungwa, wagonjwa wananifuata nyumbani," akaeleza. "Wanapiga hodi, sisikii, wanaondoka. Wanakwenda kusema Nesi anawanyima mlango. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia wazi, likija lalamiko jingine, kikao kitaomba niondolewe. Fundi, mimi nikiondolewa, pale hakuna mwingine wa kuzalisha. Nimeulizia, hakuna."

Bwana Karakana akacheka. "Kengele ni za watu wenye mbwa na maua. Tena huko hakuna umeme."

"Kuna betri," nikasema.

"Basi nenda na betri zako. Gari halipo."

Nikaenda kwa basi. Kengele niliifunga juu ya debe tupu chumbani mwake, ili mlio uwe mkubwa, na kweli nilipoijaribu kuku wa jirani walipaa. Swichi niliipigilia kwenye mhimili wa baraza, nikaipaka rangi nyekundu. Mama Nesi alikuwa chumbani. Nikabonyeza, akatoka akicheka na machozi yanamtoka. Alinishika mikono yote miwili. Nikaondoka pale kifua mbele.

Mwezi haujaisha, habari ikafika: kengele ya fundi imekufa. Nikapanda basi, nikabonyeza, ikalia. Nikabadilisha betri ambazo hazikuwa na kosa, nikasugua swichi ambayo haikuwa na kutu. Nikarudi Handeni. Habari ikafika tena, safari hii na nyingine juu yake: mzee mmoja alimleta mkewe mwenye uchungu, wakapiga hodi, mlango haukufunguliwa, mama akajifungulia njiani. Mtoto na mama walikuwa salama, lakini lalamiko lilikuwa limeshafika. Mwenyekiti alitangaza atakuja na wajumbe kumpima Nesi: atapiga hodi kwa sauti ya kawaida, na asipofunguliwa, basi.

Safari hii sikugusa kengele. Nilikaa chini ya ukingo wa paa la zahanati, mkabala na nyumba ya Mama Nesi, nikaitazama ile swichi nyekundu. Alasiri, zahanati imeshafungwa, akaja mzee yule yule ambaye mkewe alijifungulia njiani, anafuata dawa ya mkewe. Alifika chini ya ngazi ya baraza, palipokuwa na udongo uliokanyagwa ukawa mgumu, akavua kandambili zake, akazipanga. Kisha akasimama wima, mikono nyuma. "Hodi! Hodi! Hodi!" Akangoja. Akavaa kandambili zake, akageuka kwenda zake.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimkimbilia.

"Shikamoo mzee. Mbona hukubonyeza?"

"Marahaba, mwanangu. Nibonyeze mimi?"

"Ile nyekundu! Ndiyo kengele. Ukibonyeza, yeye anasikia!"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia kichaa. "Niguse nyumba ya watu sijakaribishwa?"

"Lakini hawezi kukukaribisha kama hajasikia!"

"Kweli."

"Na hawezi kusikia kama hujabonyeza!"

"Hilo nalo kweli. Lakini mimi nikisema hodi, nimejitaja. Sauti yangu inajulikana. Huo mlio wako unasema ni nani aliye mlangoni? Mwizi pia anaweza kubonyeza." Akaongeza kwa upole, ambao ndio ulioniudhi zaidi, "Mara moja nilikaribishwa, kwa bahati aliniona dirishani. Nilibonyeza hapo. Nilibonyeza kwa adabu kabisa, nikiwa naingia."

Nilishika kichwa. Mama Nesi alikuwa amenisimulia hilo: watu huingia ndani, na kengele inalia wakati tayari anawatazama usoni. Wote walikuwa na nia njema, na kwa nia njema hiyo walikuwa wanamfukuzisha kazi.

"Mzee," nikasema, sasa sauti imenipanda, "mkono huwezi kuuweka kwenye mhimili. Miguu mbona umeileta mpaka barazani?"

"Miguu haina neno. Hapo ni pa kuvulia viatu. Mgeni asivue viatu?"

Akaenda zake, baada ya mimi mwenyewe kumbonyezea na Mama Nesi kumpa dawa yake. Mimi nikabaki nimekodolea macho pale mahali pa kuvulia viatu. Udongo ulikuwa umeng'aa kwa miguu ya watu. Kila aliyefika katika nyumba ile, hata mwenye adabu kuliko wote, alikanyaga hapo kabla hajafungua kinywa.

Niliomba ubao kwa seremala wa kijiji. Chini yake niliweka vipande viwili vya bati, kimoja kwenye ubao na kingine ardhini, na katikati yake kwenye pembe nikatia vipande vya mpira wa baiskeli ili visigusane mpaka mtu asimame. Nyaya nikazipitisha ndani ya udongo, nikafunika. Mtu akikanyaga, bati linagusa bati, kengele inalia. Ile swichi nyekundu niliing'oa kwa hasira, nikaitupa mfukoni.

Shida ya kwanza ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa kijiji kile walipenda kulala juu ya ubao kuliko mahali pengine popote, na mbuzi akilala, kengele hailii ikanyamaza, inalia mpaka betri ife. Nikaongeza mpira. Mbuzi waliolala hawakusikika tena, lakini walipoupanda ubao kwa kuruka bado ilitoa mlio mfupi. Nilimwomba Mama Nesi radhi.

"Nitawafungulia," akasema. "Mbuzi hatalalamika kwenye kikao."

Siku ya kupimwa Mwenyekiti alifika na wajumbe wake, na nyuma yao karibu kijiji kizima, pamoja na yule mzee. Mimi nilisimama kando. Mwenyekiti akakohoa, akavua viatu, akakanyaga ubao. Kabla hajasema neno, mlango ukafunguka. "Karibu, Ndugu Mwenyekiti. Karibuni wote."

Mwenyekiti akakasirika. "Sijapiga hodi bado!"

"Karibu hivyo hivyo."

"Hapana. Rudi ndani, ufunge, nianze upya."

Mama Nesi akarudi ndani, akafunga. Mwenyekiti akashuka kwenye ubao, akavaa viatu, akavivua tena, akapanda. Kengele ikalia, mlango ukafunguka, naye amefungua kinywa kwa ile "Ho". Watu wakaanza kucheka. Akanigeukia mimi. "Ndugu Fundi, huu ni udanganyifu! Kinachosikia ni ubao, siyo Nesi!"

Aliyejibu ni yule mzee.

"Ndugu Mwenyekiti, mke wangu alizalia njiani. Ninachotaka mimi ni mlango ufunguke. Aliyesikia ni nani, mtaulizana wenyewe kwenye kikao."

Hakukuwa na kikao. Mama Nesi alifanya kazi pale mpaka akastaafu, na watoto aliowazalisha leo ni wazee wenye wajukuu. Nilipomsimulia Bwana Karakana, aliuliza kama ubao ule unaweza kufungwa kwenye lori.

Mimi nilistaafu nikarudi Korogwe, nikajenga karibu na reli. Masikio yangu nayo yamekwisha. Jenereta haziachi mtu salama. Mwaka huu binti yangu alinunua kengele ya kisasa, haina hata waya, ina taa ya bluu na inaimba kwa nguvu. Swichi yenye taa akaifunga getini, ya kuimba akaiweka ukutani mbele ya kiti changu. Majirani wote wanasimama chini ya taa ile ya bluu, wanapiga hodi, wanaondoka. Halafu nikikutana nao sokoni wananiambia, "Mzee siku hizi umekuwa wa kusafiri." Kusafiri! Niko ndani, kwenye kiti, natazamana na kengele.

Hayo niliyavumilia. Lakini juzi mjukuu wa Mama Nesi alinipigia simu. Akasema bibi yake alisikia kwamba siku hizi siendi popote, akataka kuniona kabla hatujaondoka duniani. Ndugu ya kijana huyo akamleta kwa basi kutoka Handeni, na kutoka stendi akampakia bodaboda peke yake, mwanamke wa umri ule. Alifika getini kwangu, hakunikuta, akarudi.

"Nilikuwepo!" nikapiga kelele kwenye simu. "Nilikuwa ndani kutwa nzima!"

"Bibi anasema alipiga hodi mara tatu."

"Na kengele? Mwulize, kengele hakuiona?"

Nikasikia kijana akimpigia bibi yake kelele sikioni, kisha akarudi kwenye simu. "Anasema aliiona. Anasema, Fundi, wewe nawe, ningegusaje nyumba ya watu sijakaribishwa?"

Nilitaka kukasirika na nilikasirika kweli, nikamkasirikia yeye, na kengele, na Fundi Mkuu aliyeko kaburini, na kwa muda nililia.

Asubuhi nilimwita seremala. Ubao uko getini sasa, mpira wa baiskeli nimeukata mwenyewe, na kengele niliyoifunga ndani ni ya koili, juu ya debe. Kijana ameahidi kwamba bibi akipata nguvu atamleta tena. Mpaka sasa waliofika ni mbuzi wa jirani. Kila inapolia nainuka, natembea mpaka getini, na nawafungulia.