Niligundua Asali ya Mama Nikaiita Dawa ya Baharini

Nimekosa jamani, tena nimekosa nikiwa na digrii! Wacha niseme tu, maana hili jambo linanikaba roho.

Mimi ni mtoto wa Gongoni, Tabora kwenye asali, nasomea digrii ya pili ya kemia huku pwani. Mimi na mwenzangu Zuhura tunakwangua bakteria wa baharini, wale wanaoota kwenye mawe kama utelezi wa kijani. Tunakamua dawa iliyomo, halafu mashine inatuonyesha molekuli yake imejengwaje. Sampuli ilikuwa moja, ya wote wawili. Ikiharibika, hakuna wa kuhitimu.

Siku ya kuihifadhi, chupa za maabara zikawa zimeisha. Zuhura akasema tusubiri. Mimi na kiherehere changu nikakumbuka chupa ya asali aliyonitumia mama, nimeimalizia kwa chapati asubuhi ile ile. Nikaisuuza juujuu kwa maji ya bomba, nikamimina.

"Hiyo chupa ni safi?" Zuhura akauliza.

"Safi kabisa!" Mungu anisamehe.

Tukaijaribu kwa vijidudu vya vidonda. Wee! Vikafa vyote! Papo hapo nikampigia mama: mwanao kagundua dawa! Kufika jioni Gongoni nzima inajua, na jirani yetu Bi Mwajuma ameshaomba ya kidonda chake cha mguu.

Hata jina la molekuli nilishachagua. Langu, unadhani la nani?

Majibu ya mashine yakaja. Msimamizi wetu akayatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Tabora, Daktari."

"Nilijua tu. Hii ni asali."

Maabara nzima ikaangua kicheko. Zuhura hakucheka. Alichukua mkoba wake akatoka.

Nikampigia mama, nikamweleza yote. Akasema: "Yaani tumekusomesha miaka yote hiyo ukagundue asali?"

"Nisamehe mama. Mwambie Bi Mwajuma dawa hakuna."

"Hakuna nini? Nilishamchotea asali ya jikoni, nikamwambia umeituma wewe. Anakuombea dua kila swala!"

Ole wangu! Sasa nimerudi kukwangua mawe, mimi nisiyejua kuogelea, kila wimbi likija napiga kelele. Zuhura yuko jiwe la pili, hata hageuki.

Nyie mnaosoma hapa, ukiulizwa chombo ni safi na huna hakika, sema huna hakika. Aibu yangu nitaizoea. Ila wenzake Zuhura wanapima majoho ya mahafali, na yeye yumo majini kwa sababu aliniamini.