Sekunde Tisa za Wamaza

Kasongo nzima watu wanabeba. Wanabeba mchele, mafuta ya mawese, mihogo, watoto, na mwisho wa mzigo kuna mtu anayelipa. Mimi nilibeba kilo nane kila mkono kutoka mlango wa jikoni hadi mpapai, nikarudi, kisha nikaziweka palepale nilipozikuta. Jirani alisimama nyuma ya uzio akaangalia asubuhi tatu mfululizo. Ya nne akashindwa kunyamaza.

“Mama, nani amekupa azabu?”

“Mudogo wangu.”

“Ulimufanyia nini?”

Sikuwa nimemfanyia kitu. Mdogo wangu alirudi kutoka masomo na diploma ya kufundisha mazoezi ya mwili, akanikuta nimelala kwa tumbo, mgongo umegoma. Nimeuza mchele sokoni miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na magunia nayainua mwenyewe, kwa sababu kijana wa kuinua anataka malipo. Muganga wa hospitali alisema nipumzike. Mdogo wangu akasema nikipumzika zaidi ya hapo nitaota mizizi.

“Yaya,” alisema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, “unajua mambo mbili tu: kuinua gunia na kukaa. Mwili iko na kazi ingine.”

Vyuma tulivitengeneza wenyewe. Makopo manne ya maziwa ya unga, vipande viwili vya chuma cha kujengea, na saruji iliyobaki kwa fundi aliyekuwa akijenga choo cha jirani. Fundi alitaka pesa. Nilimwambia saruji hiyo itakauka kabla ya saa sita na atahitaji mtu wa kumsaidia kuitupa, kwa hiyo tulikuwa sawa. Ilipoganda nilivipima kwenye mizani yangu ya mchele: kimoja kilo nane, kingine nane na robo. Nikapima tena. Nane, nane na robo.

Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya soko, alisimama katikati ya kiwanja na saa yake ya mkononi, akaweka sheria. Sekunde arobaini kazi, ishirini pumziko. Kazi sita, mizunguko minne. Kuchuchumaa na vyuma mabegani, kusimama, kuvisukuma juu. Kuinama na kuvivuta mpaka mbavuni. Hatua ndefu, goti karibu na udongo. Kulala juu ya viganja, kujisukuma. Kukaa juu ya viwiko, mwili umenyooka kama ubao. Mwisho, kuvibeba na kutembea, mlango hadi mpapai. Dakika ishirini na nne jumla. Nilihesabu mara mbili nikitafuta pa kukata, sikupaona.

Lakini kuna mtu sokoni aliyewahi kuniambia bei nikaikubali?

“Tufanye makumi tatu,” nilisema, uso wangu karibu na udongo.

“Makumi ine.”

“Makumi tatu na tano, na nitakupikia sombe na samaki.”

“Sombe utapika tu, kwani utalala njaa? Makumi ine. Shusha hiyo matako, Yaya, ubao haina kilima.”

Mwaka mzima sikupata hata sekunde moja ya punguzo kutoka kwake. Nimewashusha bei wachuuzi wa Nyangwe ambao wenzangu huwaogopa, na mtoto niliyembeba mgongoni mwangu alinishinda kila asubuhi kabla jua halijatoka. Mgongo ukanyamaza. Nikaanza kuinua gunia kwa miguu, kama alivyonifundisha, na kwenda nyumbani jioni nimesimama wima.

Kisha akaolewa Wamaza, huko njia ya Kabambare, na mwalimu mwenye shamba la karanga. Mtu mzuri, nilimchunguza mara mbili. Siku ya kuondoka nilimshika mkono nikaomba aje kunitembelea kila mwisho wa mavuno. Akacheka.

“Siku utamaliza mizunguko yote ine bila kuomba kupunguziwa, nitakuja nione kwa macho.”

Nikadhani nimepata bei nzuri.

Nilibaki na simu. Simu inalia sekunde ya arobaini, inalia ya ishirini, haikosei. Ukiiambia makumi tatu haikujibu. Ukiinua matako haikutukani. Asubuhi nyingi nilikaa juu ya viwiko nikiangalia alama za ndala zake karibu na mpapai, mpaka mvua ikaziosha, halafu nikawa naangalia mahali zilipokuwa. Niliomba punguzo kwa sauti, peke yangu, ili nisikie tu kama kuna mtu atakataa.

Misimu miwili ya mvua ilipita hivyo. Siku moja nikamaliza yote, bila neno. Nilimpigia kabla sijapata pumzi.

“Nimemaliza! Ine kamili!”

“Nani alihesabu?”

“Mimi.”

Alicheka mpaka nikasikia mumewe akiuliza kuna nini. “Yaya! Weye, ukipima kopo ya muchele, kidole chako kinakaa ndani, unamwibia muteja. Na weye mwenyewe hautajiibia?”

“Basi kuja uhesabu.”

Akasema hawezi. Ana mimba ya miezi saba na muganga wa kule amemkataza kupanda moto, pikipiki ya abiria, kwenye njia ile. Baada ya kuzaa pia, na mtoto mchanga, hajui lini. Nikahesabu miezi. Nikahesabu tena. Kesho yake nikavifunga vyuma ndani ya kikwembe, kitenge changu cha kujifunga.

Mwenye moto aliinua kifurushi, uso ukabadilika.

“Mama, humu iko nini? Zahabu ya Lusangi?”

“Kama ingekuwa zahabu, ningepanda kamoto kako?”

Akachungulia. “Simenti? Yenye imekauka?”

“Dawa ya mugongo.”

Alitaka bei ya watu wawili. Tulimalizana kwa mtu mmoja na nusu, na mimi nibebe dawa yangu popote tutakaposhuka. Tulishuka mara tano. Kwenye mto mmoja daraja lilikuwa limebaki magogo mawili. Yeye alisukuma moto mtoni, mimi nikapita juu na chuma kila mkono, nikihesabu. Upande wa pili aliniangalia kwa heshima aliyokuwa ameninyima Kasongo.

Tulifika Wamaza jioni. Mdogo wangu alitoka nje, tumbo mbele, akaona kikwembe, akaelewa, akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Mama mkwe wake alijaribu kuinua kifurushi.

“Mugeni anatuletea mawe?”

“Na chumvi,” nilisema, nikamwonyesha pakiti niliyoifunga pamoja na vyuma, na amani ikapatikana.

Mwenye moto alinipa usiku mmoja tu. Asubuhi mdogo wangu aliketi kwenye kigoda na saa ile ile, mama mkwe na majirani wakasimama kama wako kwenye mechi. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikuomba kitu. Alinitukana vizuri, hakusahau hata tusi moja. Mzunguko wa nne mawingu yalijaa upande wa mto, na mwenye moto akawasha mashine.

Ilibaki kazi ya mwisho, kubeba na kutembea. Nilifika kwenye migomba, nikageuka, nikawa narudi kwake.

“Basi!” akasema.

Mimi pia nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, maana kila kitu nakihesabu mara mbili. Ilikuwa thelathini na moja.

“Bado tisa.”

“Nimekutolea hizo tisa. Mvua inakuja, utakwama kwa mto.”

“Sikuomba.”

“Najua, Yaya.” Sauti yake ilikuwa imepungua.

Nilisimama katikati ya kiwanja, mikono inawaka. “Miaka yote hii unaninyima, leo ndiyo unanitolea? Sitaki. Hesabu.”

Alinitazama. Kisha akauficha nyuma ya mgongo mkono wenye saa, akaanza. Moja. Nikapiga hatua. Mbili. Mwenye moto akapiga honi. Tatu ilichelewa. Nne ilichelewa zaidi. Nilifika mbele ya kigoda chake akiwa kwenye sita, nikasimama hapo na vyuma vyangu, goti langu karibu kugusa tumbo lake, naye akaendelea kuangalia uso wangu na kuhesabu polepole, polepole, mpaka tisa.

Kwa hesabu yangu zilikuwa kumi na saba. Sikubishana.