Sakafu Tuliyoivunja Samburu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mwiko na ndoo tatu, nikadhani nimeajiriwa jikoni. Kumbe ilikuwa maabara ndogo ya kupimia zege, pale Ukunda. Msimamizi wa Maabara, mzee wa Msambweni, aliitikia shikamoo yangu, kisha akanieleza: ndoo moja ya mwanzo wa mchanganyiko, moja ya katikati, moja ya mwisho. Nikichota zote mahali pamoja, nimejidanganya.

Wadogo zangu mnaoingia kazi hii, siku hizi zege hutiwa unga mweupe wa silika, laini kuliko saruji, uzibe vitundu visivyoonekana kwa jicho ili maji yasipenye. Tabu yake, chembe zake hushikana. Usipoukoroga kwanza ndani ya maji hufanya madonge, na penye donge zege ni dhaifu. Basi tulijaza kalibu za chuma kutoka ndoo zote, vipande vikakomaa majini, kisha tukavivunja kwa mashine. Vikipishana sana nguvu, unga haukuenea.

Nilipima Diani, nikapima Tiwi, kote maji ya bomba. Kisha nikapelekwa Samburu ya Kinango, ile ya malori na mbuzi, kwenye tangi la kijiji la kuvunia mvua. Maji ya zege waliyaleta kina mama kwa madumu, kichwani.

Vipande vya sakafu ya tangi vilinitia wasiwasi. Cha mwanzo kigumu, cha mwisho kikapasuka upesi, ndani madoa meupe. Mafundi walikuwa wametia unga mkavu. Si uvivu; waliona kukoroga kwenye pipa na kulisuuza ni kumwaga maji ya watu. Hawakujua kwamba hata ya kusuuzia huingia kwenye zege lilelile.

Mvua ilikuwa karibu. Fundi Mkuu akanisihi tuiache sakafu ilivyo, na moyo wangu ulitaka kukubali, kwa kuwahurumia wale kina mama. Nikampigia Msimamizi simu.

“Maji yatakaa?” akauliza.

“Hayatakaa, mzee.”

“Basi kawaambie wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyewaona wakibeba.”

Nikamwendea Mama Mbeyu, kiongozi wao. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Yaani maji yetu mmeyafanya jiwe, na sasa mwalivunja?”

“Ndiyo, mama.”

Nikamweleza habari ya kukoroga. Akaguna. “Kumbe ni kama uji. Mafundi wote hawa hawakulelewa na mama?”

Siku ya kumimina upya alisimama kando ya pipa. Fundi akilegeza mkono, anamwambia, “Koroga, baba. Hiyo ni shingo yangu.” Safari hiyo vipande vyote vitatu vilikaribiana nguvu.

Maabara nimeiacha ningali kijana. Sasa nafyatua matofali yangu mwenyewe, na bado naota kujenga majumba. Wengine huniuliza kama sikusikitika kuivunja sakafu ile. Nililia nyuma ya lori, kisha nikashika nyundo pamoja na mafundi. Huruma yangu isingezuia tangi kuvuja.

Mvua ilipokwisha kunyesha nilimpigia simu Mama Mbeyu, nijue kama maji yamekaa. Akanijibu kwamba hana nafasi ya kuzungumza, anafua.