Siku Mtia Sumu wa Televisheni Alipopokea Wakwe

Bibi wa kijana aliyekuja kumchumbia binti yangu alipokea kikombe nilichompa kwa mikono miwili, akakitazama, akanitazama mimi, halafu akainama na kumwaga juisi yote ndani ya chungu cha maua ya plastiki kilichokuwa karibu na kiti chake. Alimwaga polepole, hata tone halikugusa zulia. Mama mwenye adabu.

Wajomba wa kijana wakafuata. Chungu kikajaa. Mjomba wa mwisho akakosa pa kumwaga, akabaki ameshika kikombe kama mtu aliyepewa kikopo hospitali na hajui choo kiko wapi.

Hapo ni Louisville, huku Marekani, ukumbi wa kanisa letu. Mke wangu hajakaa chini tangu asubuhi. Wageni wametoka Buffalo kwa gari kuja kumwomba mtoto wetu, na mimi baba mtu nimesimama katikati na suti na jagi.

Na kilichoniua zaidi ni kwamba nilikuwa nimeonja kwanza. Kwetu Burundi mwenye nyumba hampi mgeni kinywaji kabla yeye mwenyewe hajapiga funda, ili mgeni aone hakuna kitu humo. Wakongo wa Kivu wanajua hivyo hivyo. Baba yangu alionja, babu yangu alionja. Hata kambini Tanzania, ambako cha kumpa mgeni kilikuwa uji wa msaada, tuliuonja. Sasa mimi nikionja ndiyo watu wanakimbia.

Wenye makosa nitawataja. Majina siandiki, lakini wakisoma watajijua, na majirani zao watawajua.

Wa kwanza ni dairekta. Tulikua naye kambi moja, siku hizi anakaa Clintonville, kule Columbus, na ana mchezo wake wa Kiswahili anaourusha kila Jumamosi kwenye chaneli ya jamii na kwenye simu. Alikuja kanisani kwetu kutafuta waigizaji. Mimi nilitaka kuwa mzee mwema, yule anayesuluhisha ndoa za watu. Shule sikuenda sana, lakini maneno ya wazee nilikuwa nayo yote kichwani.

Akanitazama muda mrefu. "Mzee, wewe una sura ya mtu anayejua maiti ilipofukiwa."

"Sura hii ni ya usingizi," nikamwambia. "Nimetoka kazini sasa hivi, nimepakia maboksi usiku kucha."

"Basi usilale. Uje hivyo hivyo."

Nikawa mjomba anayewatilia ndugu zake sumu ili arithi shamba. Kijiji chetu cha Afrika kilikuwa chumba cha chini ya nyumba yake: mikeka ukutani, kuku mmoja wa plastiki, na nyuma ya pazia mtambo wa kupasha nyumba joto. Kila nikianza kutisha, mtambo unaunguruma. Watazamaji wakaandika kwamba mjomba akiongea hata radi inaitikia.

Siku ya kwanza nilimimina kinywaji, nikaonja, nikampa marehemu. Dairekta akasimamisha kamera.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeonja. Ni adabu."

Akafikiri. Akapanda juu, akarudi na ukucha wa plastiki wa mke wake, akanibandika kwa gundi kwenye kidole kidogo. "Onja kwanza wakuamini," akasema, "halafu ukikitoa kikombe, chovya ukucha, sumu iko humo." Ndivyo alivyochukua adabu ya baba yangu akaifanya sumu. Tangu siku hiyo nimeua kaka, wake zake, mwalimu, na mchungaji mmoja aliyelalamika kwamba amekufa mapema mno.

Umaarufu ukaja. Nilikwenda msiba Lackawanna, mji ambamo simjui mtu, mtoto akanikimbia mlangoni. Kazini, mama wa Kikongo wakiniona wakati wa mapumziko wanafunika soda kwa kiganja. Kanisani baada ya ibada sufuria ya mke wangu inarudi nyumbani imejaa, mpaka akaanza kutangaza kwamba mimi siruhusiwi kuingia jikoni. Na yule aliyepewa mzee mwema, mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kuchungulia karatasi, sasa anaitwa mpaka Buffalo kuwa msemaji wa harusi. Mimi nikialikwa napewa meza ya karibu na mlango.

Nilimwomba dairekta aniokoe. Akaniahidi: "Sehemu ya mwisho utatubu, mzee. Utabatizwa, watu watalia." Lakini watazamaji walivyoongezeka, sehemu ya mwisho ikazidi kusogea mbele.

Wa pili ni mchungaji wetu. Huyu anauombea kila mchezo kabla haujarekodiwa. Halafu Jumapili anahubiri: "Msiwe na moyo kama wa yule mjomba," na mkono anaunyoosha kwenye benchi langu. Ibada ikiisha ananipiga bega, anacheka.

Posa ilipopangwa nilimpigia dairekta. Nikamwambia hawa watu ni wa Kivu, wanakaa Kensington-Bailey, kule Buffalo, mchezo wako wanautazama, na bibi yao ndiye mwenye neno la mwisho. Nitubishe kabla hawajafika. Akasema ataona.

Wiki hiyo hiyo akatoa sehemu tuliyokuwa tumeirekodi zamani, ambamo mjomba anawatilia sumu wakwe waliokuja kuposa. Wageni wetu waliitazama kwenye simu, ndani ya gari, wakija kwetu.

Basi chungu cha maua kilipojaa, binti yangu akaniinamia akasema kwa Kiingereza, maana hawa watoto ndivyo wanavyotujibu, kwamba nimpigie tu dairekta awaambie ni maigizo. Nikapiga, nikaweka spika. Nikamweleza.

Dairekta akacheka. "Bibi, huyo mzee msimwamini hata kidogo. Subirini Jumamosi muone atakachofanya."

"Bon," bibi akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa. "Mumesikia wenyewe. Mwenye anamujua anasema vile."

"Mama, anatania," nikasema. "Ni maigizo."

"Maigizo najua, baba. Miye si mutoto. Lakini mutu akifanya kitu muzuri vile, miaka yote ile, donc iko ndani yake."

Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwa kazi yangu.

Kijana mwenyewe alikinyanyua kikombe. Kweli, nilimwona, alitaka kunywa. Bibi yake akamtazama tu, naye akakishusha. Wakaaga vizuri, wakatushukuru kwa viti, wakapanda magari wakarudi Buffalo bila kutamka neno lililowaleta. Binti yangu alibaki amekaa mahali pale pale. Mke wangu alikwenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vimetumika.

Kijana bado anampigia binti yangu kila akitoka kiwandani. Ameleta neno la bibi: atarudi, na atakunywa, siku akiniona nimetubu na kubatizwa kwenye televisheni. Nikamwambia kijana amweleze bibi kwamba mimi nilibatizwa zamani, kambini, kwa maji ya mto, tena ya baridi. Jibu likarudi kwamba ule ubatizo yeye hakuuona.

Nikampigia dairekta tena. Sikumtukana. Nilisema, nipe dakika chache tu za kutubu, mambo ya binti yangu yaishe.

"Mzee," akasema, "ukiokoka nani atatazama?"

Nimepona vita, nimepona kambi, theluji ya hapa nimeizoea. Neno hili limenikaa kifuani. Kwa hiyo nimeandika, na nasema hadharani. Dairekta, bibi yule anakaa karibu na Bailey Avenue, Mkongo yeyote wa mtaa ule atakuonyesha nyumba. Nenda ukae mbele yake, binti yangu na kijana wakiwepo, na mchungaji akiwa pembeni yako kwa sababu naye aliuombea mchezo. Useme kwa mdomo wako nani aliyenifundisha kuua kwa adabu, na kwa nini ulitoa sehemu ile wiki ile wakati nilikuwa nimekuambia. Ulisahau, au ulikumbuka ukaona ni biashara nzuri? Sitaki unijibu mimi. Mjibu yeye.